Sakafu Tuliyoizunguka

Kibokoni,
Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumanne, 9 Desemba 2025.

Mpendwa Babu Zaid,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo.

Niwie radhi, Babu, kwa kuanza kinyume cha adabu. Kabla sijakujulia hali, kuna jambo nataka kulitoa kifuani, maana nikiliacha hadi mwisho nitaingiwa na haya na sitaliandika. Sijapata kumwambia mtu yeyote: tangu nilipojua kutembea, sijawahi kukanyaga katikati ya ukumbi wetu wa juu. Nikiingia hufuata ukuta. Nikitumwa kupeleka kahawa, na wageni wamekaa upande wa pili, hufuata ukuta vilevile, birika mkononi. Siku zote nilidhani ni woga wangu peke yangu, na niliuonea aibu. Sasa nadhani wewe wajua ulianza kwa nani.

Sasa nirudi kwenye njia. U hali gani, Babu? Magoti yako je, na yale masikio? Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ya hayo masikio. Baba alipokupigia simu Iddi iliyopita, ulimjibu “sawa, sawa” kwa kila alilouliza, hata alipouliza umri wako. Tulicheka sana, lakini mimi nilihuzunika kidogo, kwa kuwa nilitaka nikusalimie nikashindwa hata kuichukua simu. Kwenye karatasi mimi ni mtu mwingine. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Masqat, wewe na Bibi Aqsa na wana wote.

Sisi hapa tuko wazima kwa rehema za Mola. Joto la Desemba limetushukia na kuta zinatoka jasho. Dadako, Bibi Mwanakuu, anakusalimia mno. Macho yamepungua nuru lakini ulimi haujapungua kitu. Kila asubuhi anauliza kama kuna aliyesikia habari zako, na kila asubuhi anajibiwa kwamba jana ulikuwa mzima.

Habari kubwa ni kwamba dada yangu Hafswa anaolewa. Mchumba ni Mzamil, wa kina Mbaraki, kijana mpole anayefanya kazi bandarini. Nikaha ni Alhamisi hii baada ya Isha, na kupamba ni Ijumaa. Baba aliuliza bei za kumbi za harusi, akarudi nyumbani, akanywa maji, akasema kupamba kutafanyika hapahapa, ukumbi wa juu, kama walivyofanya wazee. Mama alifurahi. Hafswa alinuna siku moja kisha naye akafurahi. Ila sakafu ya mbao ilikuwa imechakaa mno, na ndipo kazi ilipoanza.

Aliyepewa kazi ni Ishaq, mwana wa Ami, ambaye si fundi ila ametazama mafundi wengi kwenye simu yake. Nami nilijitolea kumsaidia, kwa kuwa shule zimefungwa na vitabu vyangu nilikuwa nimevimaliza. Mashine ya msasa ya kukodi ilikuwa ghali kupita uwezo wetu, kwa hiyo tulifanya kwa mikono. Vanishi ya zamani tuliikwangua kwa vipande vya kioo cha dirisha lililovunjika, tukivishika kwa kitambaa tusijikate. Kioo kikali hukwangua vizuri kuliko msasa, Babu, na hakimalizi mbao. Kinatoa nyuzi nyembamba za rangi ya asali, kama maganda ya kitunguu. Baada ya hapo msasa mkali, kisha msasa laini. Mianya tuliijaza unga wa mbao zilezile uliochanganywa na gundi nyeupe, ili rangi isipishane. Sikujua kwamba ningeipenda kazi hii. Chini ya ule weusi kulikuwa na mvule mzuri, mwekundu kama chai ya rangi.

Lakini siku ya kwanza, tulipolikunja lile zulia kubwa la katikati, tuliona jambo ambalo Ishaq alilicheka nami sikulicheka.

Wewe umekaa katika ukumbi ule. Wajua kwamba sisi hukaa ukutani, juu ya magodoro na mito, na katikati hubaki zulia tupu. Nilitarajia mbao za katikati, chini ya zulia, ziwe nzima kuliko za kando, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jambo lililonishtua lilikuwa mlangoni. Kutoka mlangoni kwenda dirisha la upande wa bahari, njia iliyo fupi ni kupita kati. Mahali hapo, hata pasipofunikwa na zulia, vanishi ilikuwa bado inang'aa. Njia iliyolika, iliyolika hata mbao zimebonyea kama kijiko, ilitoka mlangoni ikakata kushoto, ikafuata ukuta mbele ya magodoro, ikapiga kona, ikafuata ukuta mwingine, ikafika dirishani. Mguu wangu peke yangu hauwezi kuila mbao namna ile. Ni nyumba nzima iliyokuwa ikizunguka, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

Hata paka wetu huzunguka. Nilimwita kwa kipande cha dagaa nikiwa upande wa pili, akaja kwa kufuata ukuta.

Nilimwuliza Ishaq kama yeye hupita kati. Akasema hajui, hajawahi kufikiria. Kisha akaenda kusimama pale makusudi, akanikonyeza, akaondoka haraka kuliko alivyokwenda.

Niseme pia kuhusu mafuta, maana ni kisa cha kuchekesha katika barua isiyochekesha. Kopo la vanishi lilikuwa dogo, na Ishaq akasema tulirefushe. Akasema wazee wetu walipaka milango ya kuchonga mafuta ya nazi na hadi leo milango inang'aa, basi mafuta ni mafuta. Akachanganya, tukapaka pembe moja chini ya dirisha kujaribu. Haikukauka. Kesho yake haikukauka. Paka alilala pale akaacha nusu ya manyoya yake, na Mama akaiita pembe ile “ulimbo wa Ishaq”. Ilibidi tuikwangue yote tuanze upya na vanishi tupu. Fundi rangi mmoja aliyepita barazani alituambia kwamba mlango huyanywa mafuta ya nazi kwa sababu hauna kingine, lakini ukiyatia ndani ya vanishi hayo hayakauki maisha yako wala ya mwanao.

Chini ya ukumbi, kama ukumbukavyo, ni duka. Sasa ni la Kashif, anauza vitambaa kama alivyouza baba yake. Kashif ni mcheshi, lakini wiki zile mbili za kazi yetu alikuwa akipanda ngazi kila siku kulalamika. Vumbi lilikuwa likipita katikati ya mbao na kushuka hadi kwenye dari yake ya bodi nyeupe, na kutoka hapo kwenye hariri zake. “Binti,” aliniambia, “mwanisagia unga huko juu? Basi nileteeni na nazi nipike.” Siku nyingine alisema mlango wake wa chuma umeota kitambi, unakwama katikati kila akiushusha, na zamani ulishuka kwa kidole kimoja. Alisema kwa mzaha. Nilikwenda kuutazama. Boriti iliyo juu ya mlango ule imeinama, Babu. Si kwa kiasi cha kuonwa na mtu anayepita, ila ukiweka rula yaonekana.

Usiku ule nilimweleza Baba. Nilijiandaa maneno tangu alasiri, nikayapanga kama insha. Nilipofika mbele yake nilisema nusu yake tu. Baba si mkali, wajua, lakini alikuwa amechoka na alikuwa na wageni wawili. Alinyanyuka, akaenda hadi katikati ya ukumbi mbele ya wageni, akasema, “Nyumba hii ilijengwa na wanaume,” akaruka kwa miguu miwili.

Taa ya dari haikutikisika. Hilo ndilo lililonitisha. Sakafu ilishuka kidogo kama godoro, ikarudi bila sauti, na ndipo baadaye, kwa mbali, kitu ndani ya mbao kikalia kama mtu anayesaga meno. Kutoka chini tukamsikia Kashif akisema, “Sheikh Yeslam, huku chini bado twaishi.” Wageni wakacheka. Baba naye akacheka, lakini aliporudi kukaa alifuata ukuta. Hakujua kwamba amefanya hivyo. Mimi nilimwona.

Siku ya pili yake mbao moja ya katikati ililegea, Ishaq akaing'oa ili aipigilie misumari mipya, kisha akaenda kula. Nilibaki peke yangu na lile pengo. Nililala kifudifudi kando yake, uzito wangu nikiuweka upande wa ukuta, nikatazama ndani kwa tochi ya simu. Boriti kubwa inayobeba sakafu yote hupita pale chini. Ina ufa. Niliingiza vidole vyangu, nao ukavipokea hadi kwenye viungo. Nikaichukua sindano ya kufumia ya Bibi, nikaibonyeza kwenye mbao kando ya ufa, nayo ikazama kama kwenye keki. Nilipoichomoa ilitoka na unga mwekundu wenye unyevu, unaonukia ubani.

Ishaq aliporudi nilimwonyesha. Alitazama, kisha akasema mbao zote za kale zina nyufa, ndiyo maana ni za kale. Akairudisha mbao, akapigilia. Kila pigo la nyundo nililihesabu moyoni kama deni.

Basi nikaenda kwa Bibi Mwanakuu. Kwake siogopi kuzungumza, kwa vile anapenda kusimuliwa. Nilimwuliza kwa nini kila Alhamisi jioni, tangu nijue, yeye huweka chetezo cha ubani pembeni mwa zulia, wala si mahali pengine. Akasema pale kati pana wenyewe, wale wasioonekana, na yeye hufukiza ili wakae kwa amani, kama mama yake alivyomfunza. Nikamwuliza mama yake alifunzwa na nani. Bibi akafikiri sana. Kisha akasema hakufunzwa na mtu, alianza baada ya wewe kuondoka.

Naomba unisamehe kama narudia yasiyopaswa, lakini nitaandika alivyosema, ili unisahihishe. Alisema zamani katikati ya duka palikuwa na nguzo, na wateja walikuwa wakijigonga, na baba yake Kashif, akiwa mpangaji mpya, aliomba iondolewe ili meza ya kukatia vitambaa ipate nafasi. Baba yenu akakubali. Wewe ulikuwa ungali mwanafunzi, umri kama wangu. Ulisema nguzo ile inabeba nyumba. Hukusikilizwa. Nguzo ikakatwa, na tangu siku hiyo ukakataa kupita katikati ya ukumbi. Wageni wakija ulizunguka ukutani kwenda kuwapa mkono, na baba yenu aliona unamvunjia heshima, kwa kuwa mgeni huendewa moja kwa moja. Alikukemea mbele ya watu. Ukaendelea kuzunguka. Bibi alisema dada zako walikuwa wakikuigiza kwa kukucheka, wakijipanga nyuma yako kama bata. Wakazoea. Watoto wao wakawaiga bila kujua wanaiga nini. Nawe ukaenda Masqat, na miaka ikapita, na mbao zilipoanza kulia, mama yenu akasema ni wenyewe, akaweka ubani.

“Zaid alikuwa mkaidi,” Bibi alisema, “lakini hakuwa mwongo.” Kisha akaomba maji, akabadilisha mazungumzo.

Babu, sisi tulifundishwa kwamba uliondoka kwa sababu ya ugomvi wa urithi. Nimelala na jambo hili siku kadhaa. Nahisi kama nimevaa kanzu ya mtu nikaikuta inanitosha.

Ijumaa watakuja wanawake wa mtaa mzima, na wa kina Mbaraki pia. Magodoro yameondolewa ili watu wengi wapate nafasi, na watakaa kila mahali. Kiti cha Hafswa kitawekwa katikati kabisa, juu ya jukwaa la mbao, chini ya taa, kila mtu amwone. Watapiga vugo, zile pembe za wanawake, na kucheza. Wajua vugo linavyopigwa, Babu, wajua miguu inavyokwenda. Na chini yao, hadi saa ya kufunga, Kashif na wasaidizi wake watakuwa wanakata vitambaa.

Nilimwambia Mama jikoni. Nilimwambia yote, kwa sauti, mara moja katika maisha yangu. Alikuwa anakaanga vitunguu vya pilau ya kuonja. Hakunikasirikia. Alizima moto, akanishika uso kwa mikono yenye harufu ya vitunguu, akasema, “Hanin, usitie nuhusi harusi ya dadako.” Nikasema si nuhusi, ni boriti. Akasema watu wakinisikia nikitaja kuanguka na kufa kabla ya nikaha watasema mdogo anamwonea kijicho mkubwa, na neno hilo litanifuata hadi siku yangu mimi. Hapo akanipa vitunguu saumu nimenye.

Wajua desturi zetu. Neno baya likisemwa kabla ya harusi, aliyelisema ndiye aliyelileta. Fundi wa kweli tukimwita atasema neno hilohilo, na kwa sababu hiyo hataitwa mpaka harusi ipite.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa heshima zote, kwa kuwa hapa duniani huenda ni wewe peke yako utakayenijibu. Je, nguzo ilikuwa wapi hasa? Ulijuaje? Na ungekuwa hapa ungefanya nini, ambacho hukukifanya wakati ule? Jirani yetu Lamis anasafiri kesho, naye ameahidi kukupa barua hii mkononi. Kama utaweza, mpigie Baba simu. Useme wewe tu, usisubiri kusikia. Akisikia sauti yako atanyamaza.

Nisalimie Bibi Aqsa, Ami Haroon na watoto wake, na Shangazi Sanober, ambaye kanga aliyoniletea bado naivaa. Bibi Mwanakuu anasema usiende msikitini bila kuvaa soksi. Mungu akupe umri wenye afya, akuepushe na kila kinachoanguka ghafla, na atukutanishe chini ya paa moja, popote litakapokuwa.

Ni mimi mjukuu wako akupendaye ingawa hujapata kumwona,
Hanin Yeslam.

* * *

Jumapili, 14 Desemba.

Babu, Lamis hakusafiri. Safari yake iliahirishwa, sasa anaondoka kesho, nami nimeomba bahasha yangu nikaifungua. Jibu lako lisingewahi, hilo nililijua Jumatano asubuhi aliponiambia. Sitabadilisha niliyoandika juu. Nitaongeza tu nilichofanya.

Alhamisi baada ya Alasiri wanawake wote walimpeleka Hafswa kutiwa hina kwa shangazi yake Mzamil. Baba na Ishaq walikwenda msikitini kuandaa mambo ya nikaha. Nilisema kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinauma. Bibi alikuwa amelala chumbani kwake.

Sakafu ilikuwa imemalizika siku nyingi. Ilikuwa nzuri, Babu, ningependa uione. Ukisimama mlangoni jua la alasiri likiingia uliona dirisha lote ndani ya mbao, na kando ya ukuta, likingoja kupelekwa kati, jukwaa la Hafswa lililofunikwa kitambaa cha dhahabu cha Kashif. Niliuangalia ukumbi kwa muda. Kisha nikalisukuma jukwaa kwa kufuata ukuta hadi nje kwenye veranda. Lilikuwa zito, nililisukuma kidogo kidogo.

Vanishi iliyobaki ilikuwa karibu nusu kopo. Niliimimina ndani ya karai, nikaongeza chupa nzima ya mafuta ya nazi ya nywele za Mama, na nyingine ya Hafswa ambayo ilikuwa mpya. Nikakoroga. Nilianza dirishani nikarudi nyuma kuelekea mlangoni. Katikati sikukanyaga. Nilifunga brashi kwenye ufito wa ufagio nikapaka pale kutoka kando, tabaka nene, nikamwaga kidogo ukutani. Nilipofika mlangoni nilitoa gololi ya chuma mfukoni, nikaiweka kwenye mbao na kuiachia. Ilijivuta ndani ya unyevu polepole, bila mtu kuisukuma, ikasimama katikati kabisa. Nikakaa kwenye ngazi, nikangoja.

Mama alikuwa wa kwanza kupanda. Alitazama, akatazama brashi, akatazama chupa tupu mbili. Nikamwambia, “Haijakauka, Mama. Wala haitakauka.” Sikutaja boriti. Sikutaja kuanguka. Alikaa kwenye ngazi kando yangu akalia kimyakimya kwa kitambo, kisha akasema nimemwaibisha mbele ya kina Mbaraki, akasimama kwenda kutafuta mahali pengine.

Hafswa aliniita jina ambalo sitaliandika.

Kupamba kulifanyika Ijumaa katika uwanja mdogo nyuma ya nyumba ya kina Lamis, chini ya turubai, mikeka imetandikwa juu ya mchanga. Watu walijaa. Walisema Hafswa alikuwa kama mwezi, na alikuwa hivyo kweli. Vugo lilipigwa na ardhi haikufanya lolote. Mimi niliosha vikombe nyuma. Wanawake wawili walinena kuhusu mdogo wa bi harusi aliyeharibu sakafu makusudi, hawakujua ni mimi niliyewapokea vikombe vyao. Hafswa aliondoka kwenda kwake bila kuniaga.

Jana Jumamosi asubuhi mlango wa chuma wa Kashif haukufunguka kabisa. Walikuja vijana wanne wakausukuma, haukwenda. Mwishowe waliingilia mlango wa nyuma, na Kashif akawa hafanyi mzaha. Alimwita Baba. Wakatoa bodi moja ya dari. Nilikuwa juu kwenye ngazi nikasikia bodi ikishuka, nikasikia unga mwingi ukimwagika kama mtu anamimina mchele.

Baba akapanda. Alivua viatu mlangoni mwa ukumbi kama kawaida yake, akakumbuka kwamba mbao zina ulimbo, akaingia hivyohivyo. Alifuata ukuta, mkono wake umegusa chokaa njia nzima, nyayo zikilia kila akizing'oa, hadi dirishani. Safari hii alijua anachofanya. Alisimama akaitazama gololi pale kati, bado imenasa. Hakugeuka kunitazama.

“Nani mwingine alijua?” akauliza.

Nikasema, “Babu Zaid.”

Baba akaniambia nimwamshe Bibi, nimtoe nyumbani taratibu bila kumtisha, nimpeleke kwa kina Lamis. Nikamwamsha. Nikamvisha buibui, nikamshika mkono, nikamshusha kwa ngazi ya nyuma. Aliniuliza kama ubani umewekwa, nikamwambia leo si Alhamisi. Nilipomkalisha nikarudi dukani, nikashika upande mmoja wa jora, Kashif akashika upande wa pili, na tukaanza kutoa vitambaa nje tukipita kando ya ukuta.

Hanin